Mayai Laini ya Mama Faida

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyefungia uhai ndani ya ganda jembamba lisilo na mlango wala dirisha, kisha akampa kifaranga akili ya kulipasua bila kufundishwa na mtu. Ninamshukuru kwa miaka mingi aliyonipa ya kuzunguka mji wetu wa Kindu nikiangalia kuku wa watu, na kwa kunifikisha kwenye kiti cha kustaafu nikiwa na magoti yanayouma lakini ambayo bado yanakubali kusujudu.

Vijana wa ofisi yetu ya mifugo mliniomba niandike nilivyofanya kazi. Sitaandika vyeo. Cheo nilichopata kilikuja na kiti chenye mguu mmoja mfupi, na hayo yanatosha. Nitaandika mayai, maana ndiyo yaliyonifundisha kazi, na nitaandika juu ya mama mmoja ambaye mayai yake yalikaribia kumfukuzisha nyumbani kwake.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vilivyong'arishwa, nikidhani nitapelekwa kwenye ng'ombe. Nilikuwa nimetoka chuoni, na kabla ya hapo nilisoma Kurani miaka mingi kwa marehemu baba yangu, kwa hiyo watu wa mtaa waliniita Mwalimu hata kabla sijafundisha chochote. Aliyenipokea alikuwa Papa Longangi, mkubwa wangu wa kazi, Mkatoliki mrefu mwenye sauti ya chini. Hakuniuliza nilisoma nini. Alinipa bakuli jeupe la bati, lenye ua la bluu lililokwisha kufutika.

"Shika, Mwalimu," akasema. "Hii njo daktari. Sisi ni wabebaji wake tu."

Nilimwuliza ng'ombe wako wapi. Akacheka mpaka akakohoa. "Ng'ombe? Hapa Kindu kila lupango iko na kuku. Ukijua kuku, utakula mupaka uzeeke."

Lupango, kwa asiye wa kwetu, ni kiwanja chenye nyumba na ua wake, na njo ni ndiyo. Tulizunguka malupango hayo kwa baiskeli, bakuli likiwa limefungwa nyuma ya kiti changu. Papa Longangi alikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kumwona akiivunja. Mtu akileta yai la ajabu, hakusema neno lolote juu yake mpaka alivunje ndani ya bakuli jeupe, mchana, uani, mwenye kuku akiwa amesimama karibu. Hakulipeleka ofisini. Hakulivunja peke yake. Nilipomwuliza sababu, aliniambia kwamba yai likiwa bado zima, kila mtu anatia ndani yake hofu anayoitaka. Likishavunjwa mbele ya macho ya wote, kinabaki kile alichokiweka Mungu.

Kwa njia hiyo niliona mambo ambayo bado yananishangaza. Kule Alunguli, ng'ambo ya mto, kuku alitaga yai dogo kama kokwa la mchikichi. Familia ilikuwa imeshamfunga miguu, maana kwa desturi yao kuku wa namna hiyo huchinjwa siku ileile, na yai hutupwa mtoni kwa mkono wa kushoto. Papa Longangi alilivunja. Ndani mlikuwa na ute peke yake, bila kiini. Akaeleza kwamba mwili wa kuku huanza kutengeneza yai hata pasipokuwa na kiini, kama mama anayewasha moto na kupanga masahani kabla mchele haujaletwa. Kuku alifunguliwa. Kesho yake alitaga yai kama mayai mengine, na mzee wa nyumba akatuletea ndizi, ingawa alituomba tusiwaambie watu kwamba alimwogopa kuku.

Siku nyingine tulivunja yai kubwa, na ndani ya ute tukakuta yai lingine zima, lenye ganda lake. Mimi nilisema Subhanallah kwa sauti, Papa Longangi akafanya ishara ya msalaba, na hatukuwa na mjadala zaidi. Niliona pia mayai yenye mikunjo kama uso wa mzee, ambayo kuku hutaga baada ya kupona kideri, ule ugonjwa ambao kwetu tunauita pesti. Kuku wa namna hiyo amepita penye kifo na kurudi, na alama ameiacha kwenye yai. Nilianza kuwaheshimu kuku. Ninajua mnacheka. Endeleeni kucheka, lakini mfike kazini mapema.

Halafu vita ikafika.

Sitaieleza vita yenyewe. Waliokuwepo wanaijua, na ambao hawakuwepo wamshukuru Mungu. Nitasema tu ilivyokuwa kwa kuku. Treni ya kutoka Kibombo iliacha kuja. Chumvi ikawa kitu cha kulambwa kidoleni. Watu wenye silaha walipita mitaani, na waliposikia jogoo akiwika walijua lupango gani ina nyama. Basi watu wakachinja majogoo. Mtaa baada ya mtaa walichinjwa, mpaka alfajiri ya Kindu ikawa bubu. Niliamka kuswali nikisikiliza, na hapakuwa na sauti hata moja. Mpaka leo nikiulizwa vita ilikuwaje, kitu cha kwanza ninachokumbuka ni ukimya ule.

Majike waliobaki walifichwa ndani ya nyumba. Waliwekwa chini ya vitanda, nyuma ya mapipa, kwenye vyumba visivyo na dirisha, wakafunikwa mikeka ili wadhani ni usiku na wanyamaze. Ilikuwa akili nzuri ya watu walio katika shida. Ila kuku hajui vita. Anajua jua, mchanga na vitu anavyodonoa.

Mama Faida alikuwa mjane wa mtaa wa Mikelenge, mwenyeji wa Tunda, aliyeolewa Kindu akiwa msichana. Alikuwa na majike wachache chini ya kitanda chake, na mjukuu wa kike, Zaina, aliyeachwa kwake na mama yake. Zaina alikuwa na bwaki, ule utapiamlo unaovimbisha miguu ya mtoto na kugeuza nywele zake kuwa nyekundu. Kwenye kituo cha afya dawa zilikuwa zimekwisha, na muuguzi alimwambia bibi yake neno moja tu: mpe mayai. Mama Faida akawa anamtia mtoto yai kinywani kila alipolipata, na miguu ikaanza kupungua uvimbe.

Ndipo mayai yakaanza kutoka bila ganda. Yalikuwa na ngozi nyembamba tu, laini, yakitikisika mkononi kama kibofu cha mbuzi. Jirani mmoja aliona, akamwambia mwingine, na habari ikamfikia Baba Ramazani, ndugu wa marehemu mume wa Mama Faida, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa lupango ile.

Mama Faida alikuja ofisini mwenyewe, amelishika yai ndani ya kitambaa.

"Papa," akamwambia Papa Longangi, "shemeji yangu anasema kuku zangu hazina jogoo, sasa zinazala na nani? Anasema ni marehemu ndugu yake njo anakuja chumbani mwangu. Anasema mayai haya ni ya muntu aliyekufa, ndiyo maana haina mifupa."

"Na yeye anataka nini?"

"Anataka kuku zote zichinjwe Ijumaa, kisha na mimi nitoke, nirudi kwetu Tunda."

Barabara ya Tunda wakati ule hakuna aliyeipita kwa mapenzi yake, sembuse mwanamke mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Na kuku wale wakichinjwa, mtoto angekosa dawa pekee aliyokuwa nayo. Papa Longangi alichukua bakuli.

Baba Ramazani tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, kofia yake ya msikitini imenyooka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika ndugu yake mwaka uleule, na hofu ya wakati ule ilimtafuta kila mtu kwa mlango wake. Papa Longangi alimsalimu kwa heshima, akaweka bakuli chini mbele yake, akapasua ile ngozi laini. Kiini kikateremka, cha manjano, mviringo, na ute mzito pembeni. Lilikuwa yai kama yai lingine lolote.

"Unaona nini, mukubwa?"

"Ninaona yai," akasema Baba Ramazani. "Lakini shetani naye anajua kupika yai."

Papa Longangi hakubishana. Aliomba moto na mafuta kidogo ya mawese, akalikaanga lile yai palepale, akalikata. Nusu alikula yeye kwa jina la Baba na Mwana, nusu nilikula mimi kwa Bismillahi. Lilikuwa tamu, ila halikuwa na chumvi. Kisha akamgeukia Mama Faida, si kwa kumweleza bali kwa kumwuliza.

"Mama, katika kuku zako zote, iko hata moja inayozala yai nguvu?"

Akafikiri. "Iko moja. Ile ya madoadoa. Ile ni mujanja, inatoka kwa tundu la ukuta mchana."

"Inaenda wapi?"

Mama Faida akaangalia chini. "Inaenda kwa jalala la Mama Wabiwa."

Hapo mnapaswa kujua kwamba Mama Wabiwa, jirani wa nyuma, alikuwa mtu wa Pangi, na watu wa Pangi wanakula konokono wakubwa wa msituni. Nyumba ya Mama Faida haili konokono, kama sisi Waislamu wa hapa tusivyokula, na kabla ya vita alikuwa amesema kwa sauti kubwa kisimani kwamba moshi wa jiko lile unanuka matope. Tangu siku ile wale wawili hawakusalimiana. Jalala la Mama Wabiwa lilikuwa limejaa magamba ya konokono yaliyochomwa motoni, meupe na makavu, yanayovunjika kama biskuti. Yule kuku wa madoadoa alikuwa anayadonoa juani kila siku, na kurudi na ganda la yai tumboni.

Papa Longangi aliposikia, alivua kofia yake. Ninaona bado uso wake. "Mama," akasema, "mimi ningetafuta wiki nzima. Wewe ulikuwa umeshaona." Halafu akamwomba Baba Ramazani jambo moja: asimame kwanza, asubiri mpaka Ijumaa ya pili. Baba Ramazani akatazama lile bakuli tupu, akasema, "Nitasubiri. Lakini ikitoka tena laini, usinirudilie hapa na mafuta yako."

Kazi ngumu ikabaki kwa Mama Faida: kwenda kumwomba Mama Wabiwa. Tulimsindikiza. Mama Wabiwa alikuwa amekaa mlangoni, akichambua majani ya muhogo, na alituacha tusimame kwa muda aliouona unatosha.

"Yambo, jirani," Mama Faida akasema.

"Ha! Leo nina jina. Jana nilikuwa moshi."

"Nimekuja kuomba magamba ya konokono."

"Konokono ile inanuka matope?"

"Njo ile."

"Wewe hauli konokono."

"Mimi sili. Kuku zangu njo zinaomba."

Mama Wabiwa alimtazama, kisha akamtazama Zaina mgongoni mwa bibi yake, na miguu yake midogo iliyovimba. Akasimama, akaingia ndani, akatoka na kinu. "Kuku zako ziko na adabu kukupita," akasema. "Leta hapa, tutwange."

Wakayatwanga pamoja. Unga wake ulichanganywa na pumba za mchele na mchwa kidogo. Lakini kuku walihitaji jua pia, na jua liko nje, na nje kulikuwa na watu wenye silaha. Kuku akishataga hupiga kelele, anajisifu mtaa mzima usikie. Kelele hiyo ni sawa na kumwita askari kwa jina. Hapo wale wanawake walifanya jambo ambalo chuoni sikulisoma, na sidhani kama limeandikwa mahali. Walifunga ua mdogo wa matete nyuma ya nyumba, kuku wakatolewa saa za mchana, na Mama Wabiwa akawaita majirani wawili watatu waje na vinu vyao. Kuku alipoanza kupiga kelele, wote wakatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwa nguvu na kuimba. Askari walipita barabarani, wakasikia sombe, wakaenda zao. "Wanajua sombe bila mafuta na samaki haina faida kwao," Mama Wabiwa akasema.

Mwanzoni mayai yalizidi kunitia wasiwasi. Moja lilitoka na ganda upande mmoja tu. Lingine lilitoka laini kabisa baada ya risasi kulia karibu, kwa sababu kuku akishtuka huliachia yai kabla halijavikwa. Kuku mmoja hakupona kamwe, akataga mayai laini hadi mwisho wake. Nilimwomba Mungu katika kila sala. Nilikuwa nimewahi kuomba mvua, riziki na afya ya wazazi; sikuwahi kudhani nitaomba ganda la yai kwa machozi.

Ijumaa ya pili ikafika. Baba Ramazani alitoka msikitini, akaja moja kwa moja. Majirani walijaa uani, na Mama Faida alikuwa amesimama na kifurushi cha nguo zake mlangoni, maana alikuwa mtu wa neno lake: ikiwa mayai ni laini, atatoka. Aliingia kwenye ua wa matete, akarudi na yai. Papa Longangi hakulipokea. Alimpa Baba Ramazani lile bakuli.

"Leo, mukubwa, vunja wewe."

Baba Ramazani alisema Bismillahi, akaligonga yai kwenye ukingo wa bati. Likalia: ta! Ilikuwa sauti ndogo, lakini kila mtu uani aliisikia, na mama mmoja akapiga kigelegele. Baba Ramazani aliokota kipande cha ganda, akakivunja kati ya vidole, akakisikiliza.

"Haya, ganda iko," akasema polepole. "Na jogoo? Bado sijajibiwa. Mwalimu, wewe umesoma. Yai bila jogoo?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba kuku hutaga kwa namna alivyoumbwa, na jogoo anahitajika kwa kifaranga tu. Mama Wabiwa alinitangulia.

"Baba Ramazani, wewe ulikula jogoo yako mwanzo wa vita. Mimi nilisikia harufu. Majike yako iliendelea kuzala, na mayai ulikula. Uliuliza baba yao ni nani?"

Baba Ramazani akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu akashika kofia isianguke. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa lupango ile kumwona anacheka tangu maziko ya ndugu yake. Aliponyamaza alikuwa na machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Akainama, akachukua kifurushi cha Mama Faida pale mlangoni, akakirudisha ndani kwa mkono wake mwenyewe.

"Shemeji," akasema kutoka ndani, "kapikie mutoto yai."

Zaina aliendelea kula mayai, na bwaki ikamtoka. Wale wanawake wawili walibaki wakitukanana kila asubuhi kwa furaha, na sombe ilitwangwa nyuma ya nyumba ile mpaka mwisho wa vita. Treni iliporudi kupiga honi, watu wakaanza kuleta vitu kutoka kusini, na siku moja Baba Ramazani alikuja kwa shemeji yake akiwa na jogoo mwekundu kwapani. Hakueleza kitu. Alimwachia uani, akaenda zake. Kesho yake alfajiri jogoo yule aliwika, peke yake, mtaa mzima. Nilikuwa nimeshatandika mkeka wa kuswali. Nilisimama nikasikiliza kwanza, na ninaamini Mungu alinisamehe kwa kuchelewa kidogo.

Papa Longangi alifariki akiwa mzee, na watoto wake waliniletea lile bakuli. Mama Faida naye ametangulia mbele ya haki. Jeneza lilitoka kwenye mlango uleule ambapo kifurushi chake kiliwahi kusubiri, na Baba Ramazani, mgongo umepinda, alilibeba begani na kukataa kupokezana na mtu mpaka makaburini. Lupango sasa iko mikononi mwa Zaina, mwenye watoto wake na kuku wengi. Kila wiki anapeleka unga wa magamba kwa majirani, na akiulizwa unatoka wapi, anasema, "Kwa bibi zangu wawili."

Siku hizi vijana mnanitumia picha za mayai kwenye simu. Mmoja wenu ameniletea juzi picha ya yai laini, na chini yake ameandika: mwenye kuku anasema ni uchawi, nimjibu nini? Nimemjibu asijibu kitu kwa simu. Nimemwambia apite kwangu kwanza achukue bakuli. Limeshafika umri wa kubebwa na miguu mingine.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie macho ya kutazama kabla ya kuhukumu. Akupe majirani wa kutwanga nawe siku ya hofu, awalinde watoto wa nyumba yako, na alfajiri yako isikose sauti ya kukuamsha. Amina.